Sura ya Sita: Si Wazime Tu, Wawashe?

Kaa kwenye benchi mbele ya dirisha la malipo la hospitali, iwe Bukoba mjini au Muleba, na swali hili huenda ukalisikia kabla zamu yako haijafika. Karani anaacha kubonyeza, anaitazama skrini, kisha anainua uso: "Samahani mama, vumilia kidogo, mfumo umekwama." Mama anamgeukia jirani yake na kusema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka ndani: "Si wazime tu, wawashe?"

Swali ni la haki. Simu ikiganda tunaizima. King'amuzi kikigoma tunachomoa waya ukutani, tunasubiri kidogo, tunachomeka, na mpira unaendelea. Dawa hiyo imeponya mara nyingi kiasi kwamba anayeikataa anaonekana ama mvivu ama hajui kazi. Na Afisa TEHAMA wa hospitali, ukimchungulia chumbani kwake, hachomoi chochote. Ameketi mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi meupe, mikono ameikunja, anangoja.

Anachongoja ni seva kuzimika. Ameshaiamuru, na sasa inafunga kazi zake. Sekunde hizo anazongoja ndizo mada ya sura hii. Kuzima seva vizuri ni mapatano ya sekunde kati ya watatu: programu yenyewe, msimamizi anayeilinda, na betri iliyo chini ya meza. Huyo wa tatu ndiye husahauliwa, na kwa umeme wa Kagera ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Simu ina mtu mmoja, seva ina foleni

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Katika hospitali ya wilaya inaweza kuwa boksi la kawaida tu, lisilo hata na skrini yake, limewekwa kwenye chumba kidogo karibu na masjala. Ndani yake mna programu. Programu ikiwa imelala kwenye diski ni faili tu. Ikiwashwa na kuanza kufanya kazi inaitwa mchakato. Seva moja huwa na michakato mingi kwa wakati mmoja. Mmoja unapokea maombi kutoka madirishani. Mwingine ni kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu zote, kuanzia jina la mgonjwa hadi idadi ya vidonge vilivyobaki stoo. Mwingine hauonekani na mtu yeyote: kazi yake ni kutuma meseji za kuwakumbusha watu tarehe za kliniki.

Ukizima simu iliyoganda, unayemkatisha ni wewe mwenyewe. Ukizima seva, unawakatisha na wale ambao kwao haijaganda. Chukua malipo ya mgonjwa mmoja. Karani anabonyeza kitufe kimoja, lakini nyuma ya kitufe hicho mfumo unafanya mambo kadhaa kwa mfuatano: unaandika ankara, unaomba namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo kila mtu anaiita kontro namba, unapokea taarifa kwamba pesa imeingia, unaandika stakabadhi, kisha unamfungulia daktari faili la mgonjwa. Ukikata baada ya pesa kuingia na kabla ya stakabadhi kuandikwa, unapata mgonjwa aliyelipa ambaye skrini ya daktari inasema hajalipa. Mgonjwa ana meseji kwenye simu yake, daktari ana skrini yake, na hakuna mwongo kati yao.

Ugomvi wa namna hiyo angalau unaonekana. Kibaya zaidi ni rekodi iliyoharibika bila mtu kujua. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walikotambuliwa, mwaka 1983, na leo wapo watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi ambao kumbukumbu zao zimejazwa mwaka baada ya mwaka: tarehe za kuchukua dawa, vipimo vya wingi wa virusi, siku walipobadilishiwa dawa. Mstari ulioandikwa nusu humo haupigi kelele. Unakaa mpaka siku daktari atakapousoma na kuuamini.

Mizani ya kahawa, saa kumi na moja jioni

Ili kuelewa kuzima kwa utaratibu, twende kwenye chama cha msingi msimu wa kahawa. Inakaribia saa kumi na moja jioni. Mwenyekiti anamwambia karani wa mizani, "Tunafunga." Karani anayejua kazi hanyanyuki papo hapo. Kwanza anatangaza kwamba wanaofika sasa warudi kesho. Kisha anamalizana na mkulima ambaye gunia lake liko juu ya mizani: anasoma kilo, anaandika kitabuni, anakata stakabadhi. Halafu anafunga kitabu, anafunga stoo, anakabidhi funguo. Sasa mfikirie mwenyekiti asiye na subira, anayezima taa na kumvuta karani mkono gunia likiwa bado juu ya mizani. Kahawa imebaki chamani, mkulima hana karatasi, na kitabu kina jina lisilo na kilo.

Kompyuta za jamii ya Unix, ikiwemo Linux inayoendesha sehemu kubwa ya seva duniani, zina namna hizo zote mbili za kufunga. Mchakato hupewa habari kwa ishara. Ishara ni ujumbe mfupi mno, kwa kweli ni namba tu, unaopitia kwenye kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kazi za kompyuta. Ishara namba 15, iitwayo SIGTERM, ndiyo "tunafunga". Mchakato unaipokea na unaweza kufanya yale aliyoyafanya karani. Ishara namba 9, SIGKILL, ndiyo kuvutwa mkono. Mchakato hauipokei wala hauisikii. Kiini kinauondoa tu. Hakuna programu inayoweza kuikwepa, na imekusudiwa hivyo, maana programu iliyogoma kabisa lazima iwe na wa kuitoa.

Kuna jambo ambalo wengi hulipitia haraka. Ikiwa aliyeandika programu hakuandika la kufanya SIGTERM ikifika, programu hiyo itakufa palepale, bila kufunga kitabu. Kutuma ishara ya heshima hakutoshi. Lazima kuwe na mtu aliyekaa akaandika, mstari kwa mstari, kwamba ishara ikija usipokee ombi jipya, maliza lililo mkononi, funga kanzidata, ondoka. Ukinunua mfumo, hilo ni swali la kumuuliza muuzaji kabla hujamwuliza rangi za skrini.

Anayewasha ndiye anayezima

Kwenye seva za zamani kila huduma ilikuwa na hati fupi ya amri. Hati iliwasha programu, ikaandika namba ya utambulisho ya mchakato kwenye faili dogo, ikaondoka. Siku ya kuzima, hati ileile ilisoma namba hiyo na kuipelekea ishara. Shida ni kwamba namba hizo hutumika tena. Programu ikifa yenyewe usiku, faili linabaki na namba ya marehemu, na namba hiyo ikigawiwa mchakato mwingine, asubuhi hati inaua asiyehusika.

Msimamizi wa huduma ni programu isiyoondoka. Yeye ndiye huwasha nyingine, kwa hiyo kwenye mfumo anahesabiwa kuwa mzazi wao, na kiini humwarifu mara moja mtoto wake anapokufa. Hahitaji faili la namba. Wazo hili si geni: D. J. Bernstein alilitia kwenye kifurushi chake cha daemontools miaka ya 1990, na Supervisor, kazi ya Chris McDonough, bado hutumiwa sana na wanaoandika mifumo kwa PHP na Python. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walianzisha systemd, na tangu 2015 ndiye msimamizi anayekuja na Debian na Ubuntu. Ukiweka Ubuntu kwenye seva leo umeshaajiri msimamizi, ujue usijue.

Msimamizi ana kazi tatu: kuwasha kwa mpangilio, kuwasha tena kilichokufa, na kuzima. Mafunzo mengi husifia ya pili, kwa kuwa inapendeza kuona programu ikifufuka yenyewe. Kuzima hupewa mistari miwili mwishoni.

Kwa kifupi, mpaka hapa: mchakato ni programu iliyo kazini, ishara 15 inaomba, ishara 9 inaondoa, msimamizi ndiye anayetuma zote mbili, na kati ya ya kwanza na ya pili kuna muda ambao mtu anatakiwa kuupanga.

Sekunde 90, na dakika za betri

Muda huo, usipoupanga, umeshapangwa. Ukiiambia systemd izime huduma, inatuma SIGTERM kwa michakato yote ya huduma hiyo, kisha inangoja. Kiwango chake cha kawaida ni sekunde 90. Zikiisha na bado kuna mchakato hai, inatuma SIGKILL. Supervisor ana subira ndogo zaidi: sekunde 10 tu. Docker, inayofungasha programu ndani ya makasha, nayo hungoja sekunde 10.

Namba hizo zilichaguliwa na watu wasioijua hospitali yako. Wala hawakuijua hali ya umeme wako.

Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, wastani wa milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, na mvua za kando ya Ziwa Victoria hupenda kuja na radi. Juu ya hayo, kwa miaka mingi mkoa huu haukuwa kwenye Gridi ya Taifa. Sehemu kubwa ya umeme wake ilivuka mpaka kutoka Uganda, kwa laini ya kilovolti 132 inayotoka Masaka kuja Kyaka, hivyo hitilafu ng'ambo ya Mutukula iliweza kuleta giza Kashai na Kamachumu kwa pamoja. Ukihesabu ni nani hasa anayezima seva Kagera, Afisa TEHAMA yuko nyuma sana kwenye orodha.

Kati ya umeme kukatika na seva kuzimika kuna UPS, lile boksi zito lenye betri linalolia pii-pii. Wengi huiona kama kinga ya kutosha: umeme ukikatika, betri inashika. Lakini betri inashika kwa dakika chache tu, na kisha nayo inakata kama TANESCO wangekata, bila ishara. Ili imsaidie msimamizi, UPS lazima izungumze na seva. Nyingi zina waya wa USB kwa kazi hiyo hiyo, na programu za bure kama Network UPS Tools husikiliza upande wa seva na kuamuru izimike kabla betri haijaisha. Waya huo, nenda kaangalie, mara nyingi bado umo ndani ya katoni, na kile kikamba chake cha plastiki hakijafunguliwa.

Tuseme umeuchomeka. Sasa piga hesabu. Systemd huzima kinyume cha mpangilio wa kuwasha. Kama mfumo wa hospitali ulipangwa uwake baada ya kanzidata, basi utazimwa kwanza, na kanzidata itafuata. Hilo ni sahihi, maana hutaki ghala lifungwe wakati wahudumu bado wanaandika. Lakini mfumo ukigoma, msimamizi anaungoja sekunde 90 nzima kabla hata hajaigusa kanzidata. Kanzidata nayo ina kikomo chake, na huenda ni kirefu: MariaDB ya miaka ya karibuni hufungashwa na kikomo cha dakika 15, kwa sababu ikiwa na kazi nyingi za kuandika diskini inaweza kuzihitaji. Betri yako ya miaka minne, iliyokaa kwenye chumba chenye joto, inaweza kuwa na dakika 4.

Anayekatwa hapo ni kanzidata. Imewekwa mwisho kwa sababu ndiyo ya thamani kuliko wote, na kwa kuwa iko mwisho, kila aliye mbele yake anatumia muda wake.

Dawa ni kugawa dakika za betri kama unavyogawa posho, ukianza na wa mwisho. Pima betri inadumu muda gani kweli, si muda ulioandikwa kwenye boksi. Nusu yake usiiguse. Katika nusu iliyobaki, sehemu kubwa ipe kanzidata, kisha mfumo upe sekunde 20 au 30 kwa mstari mmoja kwenye faili lake la mipangilio, ule wa TimeoutStopSec. Mfumo wa malipo usioweza kumaliza ombi moja ndani ya sekunde 30 hautalimaliza ndani ya 90. Ukiusubiri sana unaipora kanzidata muda wake.

Aina ya ishara nayo ina uzito. PostgreSQL, kanzidata inayotumika pia chini ya DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara, ina namna tatu za kufunga. Ikipata SIGTERM inangoja kila aliyeunganishwa aondoke mwenyewe. Mmoja akiacha dirisha wazi na kwenda kunywa chai, inamngoja. Ikipata SIGINT inawakatisha waliobaki, inafuta kazi zao zisizokamilika, na kufunga vitabu vizuri. Ikipata SIGQUIT inaondoka mara moja na kuacha usafi ufanyike siku ya kuwashwa. Ndiyo maana mfano wa mipangilio ya systemd uliomo kwenye mwongozo wa PostgreSQL wenyewe unataja SIGINT. Kwa betri ya dakika 4 hiyo ndiyo ishara unayoitaka, na mtu aliyetunga faili lake mwenyewe bila kusoma mwongozo kwa kawaida hupata ile ya kwanza.

Ishara iliyoishia njiani

Wakati mwingine kila kitu kimepangwa na bado programu haifungi vizuri. Mara nyingi kosa liko kwenye hati ndogo ya mistari mitatu ambayo fundi aliiandika siku ya kwanza: ingia kwenye folda hii, weka mipangilio hii, washa programu. Msimamizi anawasha hati. Hati inawasha programu. Kwa hesabu ya Supervisor, mtoto wake ni ile hati. Siku ya kuzima anaipelekea hati ishara, hati inakufa, na programu yenyewe haijasikia lolote. Inabaki hewani ikiwa imeushikilia mlango wake, yaani ile namba ambayo kompyuta nyingine huitumia kuifikia, tuseme 8080. Nakala mpya ikiwashwa inakuta mlango una mtu, inakufa. Inawashwa tena, inakufa tena.

Tiba ni neno moja. Mstari wa mwisho wa hati ukianza na exec, hati haizai mtoto. Inajigeuza kuwa programu yenyewe, na ishara inafika panapotakiwa. Supervisor pia ana mpangilio wa kupeleka ishara kwa kundi zima, na systemd hufanya hivyo bila kuambiwa. Mimi ningeweka exec hata hivyo.

Meseji zilizofika mara mbili

Ule mchakato usioonekana, wa kutuma meseji, unastahili aya zake, maana ndio unaowafikia watu majumbani. Tuseme kesho ni siku ya kliniki na kuna akina mama 400 wa kukumbushwa, kutoka Nshamba hadi visiwa vya Bumbire na Goziba. Mwandishi wa mfumo ameifanya iwe kazi moja: chukua orodha, tuma zote. Saa mbili usiku Afisa TEHAMA anaweka marekebisho na kuagiza mchakato uzimwe na kuwashwa. Supervisor anatuma SIGTERM, mchakato unasema sawa, ngoja nimalize kazi iliyo mkononi. Kazi iliyo mkononi ni meseji 400. Sekunde 10 zinaisha, inakuja namba 9. Mchakato mpya unaamka, unaona kazi haijakamilika, unaanza orodha kutoka juu. Waliokuwa wameshapata wanapata tena.

Kwa meseji ya kliniki hilo ni kero. Kwa mfumo unaotuma pesa ni jambo jingine.

Mwongozo wa Laravel, zana ya PHP ambayo waandishi wengi wa mifumo hapa nchini wanaifahamu, unashauri muda wa kungoja uwe mrefu kuliko kazi ndefu kuliko zote, na mfano wake unaweka sekunde 3,600. Saa nzima! Kwenye jumba la seva lenye jenereta mbili ushauri huo ni mzuri. Chini ya betri ya dakika 4 hauna maana, na hapa ndipo ninapoachana nao: badala ya kuongeza subira, punguza kazi. Vunja meseji 400 kuwa kazi 400, kila moja ikiwa na alama yake ya "imetumwa". Mchakato ukiambiwa ufunge, unamaliza meseji moja kwa sekunde moja au mbili na kuondoka. Orodha iliyobaki inasubiri kwenye kanzidata hadi umeme urudi, na hata mchakato ukiuawa ghafla, anayeweza kupata meseji mara mbili ni mtu mmoja.

Umeme ukirudi

Kuna asubuhi ambayo mafundi wa Kagera wataitambua. Umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri. Seva imewaka, taa za kijani zinameta, kanzidata iko hai, lakini mfumo wa hospitali haufunguki. Hakuna aliyeugusa.

Ilikuwa hivi. Kanzidata ilizimwa ghafla, kwa hiyo ilipoamka ilianza kupitia daftari lake la pembeni, ambalo tutalieleza mbele kidogo, na kurekebisha mambo, kazi ya nusu dakika au zaidi. Mfumo wa hospitali ukaamka, ukabisha hodi, haukufunguliwa, ukafa. Systemd iliambiwa iwashe tena kila kinachokufa, na kwa kawaida yake hungoja sehemu ya kumi ya sekunde tu kabla ya kuwasha. Ikawasha, ikafa. Kuna kikomo kingine: huduma ikiwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, systemd inakata tamaa na kuiandika kuwa imeshindwa, isiguse tena mpaka mtu aje. Mara tano hizo ziliisha kabla kanzidata haijamaliza hata robo ya daftari lake.

Mstari mmoja unatibu: RestartSec iwe 10. Hapo kati ya jaribio na jaribio kuna sekunde 10, kikomo cha mara tano hakifikiwi kamwe, na kanzidata ikifungua mlango mfumo unaingia. Vizuri zaidi, mwandishi wa mfumo auandike ubishe hodi tena wenyewe badala ya kufa kwa kukosa jibu la kwanza. Ila usimngoje.

Pale ambapo huhitaji kuzima

Mara nyingine kilichobadilika ni mipangilio tu, si programu. Nginx, mlangoni mwa tovuti nyingi, ikipata ishara SIGHUP inasoma mipangilio mipya, inaamsha wahudumu wapya, na kuwaacha wa zamani wamalize waliokuwa nao kabla ya kuondoka. Aliye dirishani haoni kitu. Kabla ya kuagiza kuzima na kuwasha, uliza kama kusoma upya kunatosha.

Siku ambayo hakuna anayetuma ishara

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa alasiri ikielekea saa tisa na nusu, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu walikufa, nyumba na shule zilianguka, Bukoba mjini na vijijini. Hakuna msimamizi anayepewa sekunde 90 siku kama hiyo.

Kwa sababu hiyo kanzidata nzuri haiamini kwamba itazimwa vizuri. Kabla ya kubadilisha kumbukumbu yoyote, inaandika kwanza kwenye daftari la pembeni kile inachokusudia kufanya, na kuhakikisha daftari limefika diskini. Ikikatwa, ikiamka inasoma daftari: kilichokamilika kinatekelezwa, kisichokamilika kinaachwa kana kwamba hakikuanza. PostgreSQL ilipata daftari hilo katika toleo la 7.1, mwaka 2001. Mwaka 2003 George Candea na Armando Fox, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walikwenda mbali zaidi: walipendekeza programu ziandikwe kana kwamba njia pekee ya kuzizima ni kuziua, ili kuamka kutoka kwenye ajali kuwe jambo la kila siku.

Napenda wazo lao, lakini silichukui lote. Daftari hulinda kilicho ndani ya kanzidata. Halilindi meseji iliyokwisha kwenda, wala risiti iliyokuwa inachapwa, wala ombi lililopelekwa kwenye mfumo wa malipo wa serikali bila jibu kurudi. Na daftari linategemea diski isemayo kweli. Baadhi ya diski za bei nafuu hudai zimeshaandika wakati maandishi bado yako kwenye kumbukumbu yake ya muda. Kufunga vizuri kila inapowezekana, na kuweza kuamka vizuri isipowezekana, ni kazi mbili na zote zinahitajika.

Kujaribu kabla ya masika

Haya yote hupimika kwa Jumapili moja alasiri, foleni ikiwa fupi na wahudumu wakiwa wameambiwa mapema, nakala ya kanzidata ikiwa imeshahifadhiwa kwingine.

1. Izime huduma moja kwa amri ya kawaida, saa ya mkono ikiwa mbele yako. Kisha soma daftari la msimamizi. Likionyesha muda uliisha na mchakato ukauawa, hukuzima, uliua.

2. Zima katikati ya malipo ya majaribio. Washa. Angalia kama ankara ipo na stakabadhi ipo, au zote hazipo. Moja bila nyingine ni kosa la kumrudishia mwandishi wa mfumo.

3. Hesabu michakato iliyobaki baada ya kuzima. Inatakiwa usiwepo hata mmoja wa huduma hiyo.

4. Chomoa plagi ya UPS ukutani, si ya seva kwenye UPS. Usiguse kitu kingine. Seva inatakiwa ijizime yenyewe, betri ikiwa bado na chaji.

5. Rudisha umeme na ukae mbali na kibodi. Mfumo ufunguke bila mkono wa mtu.

La nne ndilo hushindwa na wengi, na sababu huwa ni ule waya wa USB ulio kwenye katoni. Ukifaulu utakuwa na namba mbili: seva ilichukua sekunde ngapi kuzimika, na betri ilidumu dakika ngapi. Ziandike kwenye karatasi pamoja na tarehe, ubandike ubavuni mwa UPS. Namba ya kwanza hukua kadiri kanzidata inavyokua, na ya pili hupungua kila mwaka. Zikianza kukaribiana, peleka maombi ya betri mpya kabla bajeti ya robo haijafungwa.